MAMBO YA ULIMWENGU: Ndege Zilizoundwa Nyumbani



Juma hili nina barua mkononi iliyotoka kwa mzee mmoja wa upande wa Machakos, seremala kwa kazi yake. Ameiandika kwa kalamu ya risasi, kurasa mbili, kwa mwandiko mzuri kupita wa makarani wengi niwajuao. Aniuliza kama ni kweli kwamba huko Marekani mtu wa kawaida, asiye na kampuni wala kiwanda, aweza kuunda eropleni nyuma ya nyumba yake, kisha akapanda na kuruka nayo asikamatwe na polisi. Aongeza kwamba yeye mbao anazo, randa na misumeno anayo, na gundi anayo pia, ile ile aitumiayo katika viti na makabati. Kilichobaki ni injini, nayo ataitafuta.

Niliisoma barua hii ofisini saa ya chakula, na wenzangu wakacheka sana. Mmoja wao, karani wa hesabu, alisema kwamba mzee huyo na atafute kwanza mtu wa kumwandikia wasia. Mimi sikucheka. Jambo alilouliza ni jambo la haki, na tena lina historia ndefu kuliko wengi wetu tudhanivyo. Basi nimeona yafaa nimjibu mbele yenu nyote.

Jibu lenyewe ni hili: Naam, mzee wangu, ni kweli. Lakini haikuwa hivyo sikuzote, na hata leo si kama uonavyo wewe.

Mwanzoni ndege zote ziliundwa nyumbani. Orville na Wilbur Wright walikuwa na duka la baiskeli katika mji wa Dayton. Ndege waliyorukia tarehe 17 Desemba, 1903, waliiunda wenyewe, na injini yake ilitengenezwa papo hapo dukani na fundi wao. Hapakuwa na mtu wa kuwauliza cheti, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine ajuaye kitu gani cha kuuliza. Lakini ndege zilipozidi na ajali zikazidi, serikali za nchi mbalimbali zilianza kuweka sheria, wala hatuwezi kuzilaumu.

Chukueni mfano wa Mfaransa mmoja aliyeitwa Henri Mignet. Mwaka wa 1934 alitoa kitabu cha kuwafundisha watu wasio mafundi namna ya kujiundia ndege ndogo sana, ambayo kwa Kifaransa aliipa jina la chawa wa angani. Kitabu kilipendwa mno. Katika Ufaransa na Uingereza makarani, waalimu na wenye gereji walianza kupiga randa usiku. Ndege yenyewe ilikuwa na mabawa mawili, moja mbele na juu, la pili nyuma yake na chini kidogo, na rubani aliiongoza kwa kuliinamisha na kuliinua lile la mbele. Mwaka wa 1935 Mignet mwenyewe alivuka bahari iliyo kati ya Ufaransa na Uingereza kwa ndege hiyo, watu wakamshangilia. Kisha mauti yakaanza. Mmoja baada ya mwingine, marubani walishuka kichwa mbele wasiweze kuiinua ndege tena. Wataalamu waliichukua wakaipima katika nyumba ya upepo, yaani jumba ambamo upepo mkali hupulizwa juu ya ndege iliyosimama, nao wakaona kosa. Ndege ikiinama kupita kiasi, mabawa yale mawili husaidiana kuiinamisha zaidi, na rubani avutapo usukani ili kuiinua, ndege haimsikii. Msisahau kwamba wengi wa waliokufa hawakuwa wazembe. Walifuata kitabu neno kwa neno, na kosa lilikuwa ndani ya kitabu.

Kwa hiyo nasema, sheria haikutoka hewani. Hata hivyo sheria nayo yaweza kupita kiasi. Katika Marekani, ilipofika miaka ya 1930, mtu aliyejiundia ndege alifungiwa mlango karibu katika kila jimbo. Oregon, jimbo lililo upande wa magharibi kwenye bahari ya Pasifiki, ndilo lililomwachia nafasi. Huko kundi dogo la mafundi liliendelea kuunda na kuruka, lakini wakifika mpaka wa jimbo lao hawakuwa na ruhusa ya kuuvuka.

Katika kundi hilo alikuwamo mtu mmoja jina lake George Bogardus. Sasa, mimi ni karani, nami nazijua safari za faili. Mtu akiwa na shauri na Serikali huandika barua. Barua hupigwa mhuri, hutiwa katika faili, na faili hupelekwa kwa bwana fulani, naye huiandika pembeni na kuipeleka kwa bwana mwingine. Bogardus hakuridhika na safari ya namna hiyo. Mwaka wa 1947 alipanda ndege yake ndogo, yenye kiti kimoja na injini ya nguvu za farasi 65, nayo iliitwa Little Gee Bee, akaruka kutoka Oregon mpaka mji mkuu wa Washington, safari ya zaidi ya maili 2,000, akivuka milima na tambarare za nchi ile yote, ili mabwana wa idara ya ndege waione kwa macho yao. Hoja yake ilikuwa ile ndege yenyewe. Mtu asemaye kwamba kitu kama hiki hakiwezi kuruka salama, na atoke nje ya ofisi akitazame, maana kimefika.

Hakupata yote siku ile. Alirudi Washington tena baadaye kwa shauri lile lile, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 sheria ilibadilishwa, ikakubali ndege iliyoundwa na mtu asiye wa kiwanda kwa ajili ya elimu yake na burudani yake. Nimefanya kazi ofisini miaka kumi na mbili, wala sijaona mwombaji aliyeleta ushahidi mzuri kuliko huo.

Mlango ulipofunguliwa, watu waliingia. Mwezi wa Januari, 1953, rubani mmoja wa jeshi la akiba la angani katika jimbo la Wisconsin, jina lake Paul Poberezny, aliwakusanya wenzake katika mji wa Milwaukee, wakaanzisha chama cha waunda ndege. Kwa Kiingereza kiliitwa Experimental Aircraft Association, nasi tutakiita Chama tu. Kwa miaka mingi ofisi yake ilikuwa chumba cha chini ya nyumba ya Poberezny, na mkewe Audrey ndiye aliyepokea barua na kuzijibu. Mkutano wa kwanza ulifanyika Septemba ya mwaka ule ule, zikaja ndege zipatazo ishirini. Mwaka wa 1955 gazeti moja la mafundi lilichapisha maelezo ya Poberezny ya namna ya kuunda ndege ya mtu mmoja iitwayo Baby Ace kwa gharama isiyofika dola 800, pamoja na injini. Barua zikamiminika katika chumba kile cha chini. Nafikiri mama yule alistahili mshahara mkubwa.

Mikutano ikakua. Mwaka wa 1959 ilihamia Rockford, na mwaka wa 1970 ikahamia Oshkosh, mji mdogo kando ya ziwa Winnebago katika jimbo lile lile la Wisconsin, nayo iko huko hata leo, mwishoni mwa Julai kila mwaka. Wakulima wetu watapenda kujua kwamba Wisconsin ni nchi ya ng'ombe wa maziwa. Mtu akiitazama kutoka juu huona mashamba ya mahindi na majani, na mabanda makubwa mekundu ya ng'ombe, na katika baadhi ya mabanda hayo, nyuma ya trekta, pana bawa moja la ndege likingojea mwenzake.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, kwa kuwa hapa ndipo wengi hudanganyika. Sheria ya Marekani yataka zaidi ya nusu ya kazi ifanywe na mwundaji mwenyewe au pamoja na wenzake wasiolipwa. Aweza kununua michoro, aweza kununua hata sehemu zilizokatwa tayari, lakini hawezi kununua ndege nzima na kuiita yake. Tena lazima aandike daftari, siku kwa siku, na kupiga picha za kazi, ili mkaguzi ajue kwamba mikono iliyofanya ni yake. Wako waundao kwa mbao na kitambaa. Wako waundao kwa mabomba ya chuma yaliyounganishwa kwa moto. Wako wapigao bati la aluminiamu kwa ribiti maelfu na maelfu. Na tangu miaka ya 1970, alipotokea fundi aitwaye Burt Rutan, wako watumiao povu gumu lililofunikwa kitambaa cha nyuzi za kioo na dawa ya kugandisha. Saa zihitajiwazo aghalabu ni 1,500 au 2,000, na mara nyingi zaidi. Fanyeni hesabu. Mtu atokaye kazini jioni na kufanya kazi saa mbili kila siku, bila kuugua wala kwenda matangani, atahitaji karibu miaka mitatu. Wengi huchukua miaka kumi. Na wengi zaidi hawamalizi kamwe, na bawa lile bandani huuzwa na warithi.

Akiisha kumaliza, huja mkaguzi. Akiridhika, hutoa karatasi, na karibu na mlango wa ndege lazima liandikwe kwa herufi kubwa neno la kuonya kwamba ndege hii ni ya majaribio. Ndani yake hubandikwa tangazo la kumwambia abiria kwamba chombo hiki kiliundwa na mtu asiye wa kiwanda wala hakikufuata kanuni za ndege za kawaida. Mtu akisoma hayo akapanda, amepanda kwa hiari yake. Wala mwundaji haruhusiwi kuchukua abiria mara moja: kwa saa 25, au 40 ikiwa injini na pangaboi zake hazikuidhinishwa pamoja, huruka peke yake juu ya eneo aliloonyeshwa, mbali na miji, akijifunza tabia za kitu alichokizaa.

Sheria hii ina maana. Mwaka wa 2012 baraza la Marekani lichunguzalo ajali lilitoa taarifa yake juu ya ndege hizi, likaonyesha kwamba huanguka mara nyingi kuliko ndege ndogo za viwanda, na sababu kubwa ni injini kufa na rubani kushindwa kuitawala ndege. Nyingi huanguka katika safari za mwanzo kabisa, au mara tu baada ya kuuzwa kwa mtu mwingine. Mwundaji aijua ndege yake kama mchungaji amjuavyo ng'ombe mkali. Mnunuzi hupigwa teke siku ya kwanza.

Basi tumfuate rubani mmoja katika safari ya kwenda Oshkosh. Tuseme ametoka Oregon kama Bogardus, naye ana ndege ya viti viwili ya namna iitwayo RV, ambayo michoro yake yatoka kwa Richard VanGrunsven wa jimbo lile lile. Kampuni yake ilianza mwaka wa 1973, na ndege za michoro yake zilizokwisha kuruka zimepita 11,000. Mzigo wake ni hema, blanketi, kamba za kufungia ndege na vigingi, maji, ramani, na kitabu kidogo cha maagizo ya kufikia Oshkosh. Hupita safu za milima asubuhi na mapema, kabla upepo na mawingu hayajainuka, kisha hushuka katika tambarare na kutia petroli kwenye viwanja vidogo. Wingu jeusi likimzuia hutua akangoja, hata siku nzima. Wako wasiongoja. Majina yao tunayasoma katika taarifa nilizozitaja.

Akikaribia Wisconsin lazima awe amekisoma kile kitabu cha maagizo mpaka amekihifadhi, kwa sababu juma lile kiwanja cha Oshkosh hupokea ndege nyingi kuliko kiwanja kingine chochote duniani. Zaidi ya ndege 10,000 hufika Oshkosh na viwanja vya jirani. Hebu fikirini: ndege maelfu, kila moja na rubani wake, wengi wao hawajapata kuonana, nyingine zikienda mbio na nyingine zikijikokota, zote zataka kutua mahali pamoja. Kila rubani akisema katika redio, hakuna atakayesikia neno.

Wenyeji wamelitatua jambo hili kwa njia iliyonifurahisha sana. Ndege zote ndogo huja kwanza juu ya mji mdogo uitwao Ripon, kusini magharibi ya Oshkosh, zikajipanga mstari mmoja, moja nyuma ya nyingine, nusu maili kati yao. Kutoka hapo hufuata njia ya reli. Mwendo ni noti 90, yaani kama maili 104 za nchi kavu kwa saa, na kimo ni futi 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambazo ni kama futi 1,000 juu ya mashamba. Zile za mbio zisizoweza kwenda polepole hupewa noti 135 na futi 2,300. Hakuna kumpita wa mbele, wala kuzungukazunguka ili kumngoja. Mtu akimkaribia mwenziwe kupita kiasi hujitoa mstarini akarudi Ripon kuanza upya, hata kama ametoka Oregon, na hata kama yeye ni bwana mkubwa.

Reli hufika kijiji kiitwacho Fisk. Hapo chini wamekaa waongozaji wa ndege, watumishi wa Serikali waliojiombea wenyewe kazi ya juma lile, wenye fulana za rangi ya waridi na darubini mkononi. Hawamwulizi rubani jina wala namba. Humwita kwa anavyoonekana: wewe mwenye bawa la chini, ndege nyeupe na nyekundu, tikisa mabawa yako. Rubani hajibu neno. Huinamisha bawa la kulia, kisha la kushoto, na mwongozaji akiona ajua kwamba amesikika. Humwambia, vema, geuka hivi, fuata njia hii, sikiliza mnara. Na yule wa nyuma yake huitwa papo hapo. Siku nzima sauti moja ya chini hunena, na mabawa mia kwa mia hutikisika. Sisi tuliozoea mikutano ambayo kila mtu husema wala hakuna atendaye, tungeweza kukaa chini ya reli ile tukatazama.

Kisha kiwanja chenyewe. Katika njia ya kutulia pamechorwa nukta kubwa za rangi, na rubani huambiwa, tua juu ya nukta ya kijani. Na wakati ule ule mwingine mbele yake anatua juu ya nukta nyingine, katika njia ile ile. Mahali pengine popote jambo hilo ni kosa kubwa. Pale huruhusiwa kwa juma lile kwa agizo maalumu, na hufanyika salama ikiwa kila mtu atatua pale alipoambiwa, asipungue wala asizidi. Hapo ndipo zile saa 40 za upweke zilipo na faida. Asiyeijua ndege yake, asiyejua itaelea futi ngapi kabla ya magurudumu kugusa, humhatarisha mwenziwe kuliko ajihatarishavyo nafsi yake. Na kwa kweli katika miaka iliyopita watu wamekufa katika kuingia kule na kutoka. Sitaki mzee wetu adhani ni mchezo.

Akiisha kugusa, hutoka njiani upesi na kuingia majanini, akaonyesha kioni karatasi yenye herufi za kusema ndege yake ni ya namna gani na yataka kulala wapi. Watu wenye bendera humwongoza mpaka safu ya ndege zilizoundwa nyumbani. Huzima injini, hupiga vigingi na kuifunga ndege kwa kamba, maana dhoruba za Wisconsin wakati wa Julai haziombi ruhusa, na kisha husimika hema lake chini ya bawa. Kabla chai haijachemka majirani wamefika: huyu auliza juu ya tangi la petroli, yule ainama kutazama ribiti. Huwezi kumficha fundi ribiti iliyopigwa vibaya.

Ninyi mliokwenda katika maonyesho ya kilimo mtauelewa mkutano huo. Badala ya fahali na mahindi ni ndege, lakini mambo ni yale yale: watu hutembea, huona, huuliza, hubishana, na mwenye kitu kizuri hupewa zawadi. Mwaka wa 2023 walihesabiwa watu 677,000 katika juma moja. Wengi wao hawana ndege. Liko jambo moja ambalo ningependa maonyesho yetu yaliige: katika mabanda fulani mtu yeyote, mtoto au mama, hupewa nyundo na bati, au mpira wa kuchomelea, au kipande cha mbao na kitambaa, na fundi aliyejitolea humfundisha papo hapo. Kwetu mara nyingi kitu kizuri hufungwa kamba kuzunguka, na askari husimama hapo.

Karibu na kiwanja ni Nyumba ya Makumbusho ya Chama, iliyohamishiwa Oshkosh mwaka wa 1983. Ina ndege zaidi ya 200. Ndani yake kuna mfano wa ile ya ndugu Wright, na mfano wa ile ambayo Lindbergh alivuka nayo Atlantiki peke yake mwaka wa 1927. Hizo hutazamwa na wote. Lakini waunda ndege huenda kusimama mbele ya vitu vingine visivyo na fahari, mathalan ile ndege ya kwanza kabisa ya VanGrunsven, ndogo ya kiti kimoja, ambayo ndiyo mama wa zile 11,000. Wengine humtafuta Bonzo, ndege ya mashindano ya Steve Wittman.

Juu ya huyu Wittman nataka kukaa kidogo, mzee wangu, kwa kuwa yeye ndiye jibu la barua yako. Alizaliwa mwaka wa 1904, akaunda ndege yake ya kwanza akiwa kijana wa miaka ishirini. Alikuwa msimamizi wa kiwanja cha Oshkosh tangu mwaka wa 1931 hata 1969, na kiwanja chenyewe sasa chaitwa kwa jina lake. Alibuni mguu wa ndege uliotengenezwa kwa chuma kimoja chenye kunepa kama spring'i ya gari, na kampuni ya Cessna ikauchukua. Ninyi mliosimama kando ya viwanja vyetu vya udongo mkitazama Cessna ikitua na miguu yake ikitanuka na kurudi, mmeiona kazi ya Wittman bila kujua. Fundi kama huyu hazaliwi kila siku.

Tarehe 27 Aprili, 1995, alipokuwa na umri wa miaka 91, alipanda na mkewe Paula ndege aliyoiunda kwa mikono yake, wakatoka Florida kwenda Oshkosh. Hawakufika. Ndege ilivunjika angani juu ya jimbo la Alabama, wakafa wote wawili. Wachunguzi waliokota vipande, wakaona kwamba kitambaa kilichofunika mbao za bawa hakikushikamana nazo vizuri. Kilianza kuachana nazo, upepo ukaingia, bawa likaanza kutetemeka, na likitetemeka hivyo kwa mwendo ule halina muda wa kuishi. Injini haikufa, wala rubani hakusinzia. Palikosekana mshikamano wa kitambaa na ubao tu.

Na ile Little Gee Bee? Hiyo haiko Oshkosh. Iko karibu na Washington, katika jumba kubwa la makumbusho ya taifa lililo kando ya kiwanja cha Dulles. Serikali ambayo zamani haikuitaka iruke sasa huipangusa vumbi.

Basi, mzee wangu, nakujibu hivi. Hapa Kenya iko mamlaka ya Serikali isimamiayo mambo ya ndege, nayo ndiyo ya kuandikiwa kwanza, kabla hujakata ubao hata mmoja. Ukitaka, niletee barua yako nami nitakusaidia kuiandika kwa utaratibu ufaao. Michoro usijitungie mwenyewe. Kumbuka wale waliofuata kitabu cha Mignet, nacho kilikuwa kazi ya mtu aliyekuwa ameruka. Na ile gundi ya viti na makabati iache katika viti na makabati. Kiti kikiachana, mgeni huanguka futi moja na nusu, na wenyeji hucheka.

Waunda ndege wa mbao wana desturi moja ambayo waweza kuianza leo, hata kama hutaunda ndege kamwe. Kila wanapochanganya gundi, huchukua vipande viwili vidogo vya mbao ile ile ya kazi, huviunganisha kwa gundi ile ile, na kuviandika tarehe. Gundi ikikauka, huvivunja kwa nyundo. Ubao ukipasuka na gundi ikabaki imeshika, kazi ni njema. Vipande vikiachana pale pale penye gundi, kazi yote ya siku ile hubomolewa. Jaribu na ile uliyo nayo, kisha uniandikie umeona nini.